Nafasi Moja ya Kocha Msaidizi

Mugo wa Tetu alishika ufunguo wa ghala la ushirika wa kahawa tangu ujana wake hadi mvi zilipomwota, na siku alipoukabidhi hapakuwa na gunia lililopungua. Mwanawe Gatimu alikuwa mwalimu mkuu katika miaka ya maziwa ya Nyayo, yale ambayo serikali iliwapa wanafunzi bure, na pakiti zilizobaki aliwagawia watoto waliotoka mbali, huku wanawe mwenyewe wakirudi nyumbani makoo yamekauka. Hakuna aliyewahi kumpeleka mtu wa nyumba hiyo kwa chifu, wala mbele ya wazee wa kanisa, wala mahakamani. Watu wa nyumba hiyo waliposimama kusema barazani, minong'ono ilikoma. Katika nyumba hiyo alizaliwa Mutahi, mwana wa pili wa Gatimu, aliyepewa jina la baba wa mama yake kama desturi inavyotaka. Shamba alilorithi lilikuwa dogo, lakini heshima aliyorithi ilikuwa kubwa, naye aliichunga kuliko alivyolichunga shamba.

Mutahi alikuwa mkuu wa idara ya michezo na kocha wa mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya mji wa Nyeri. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umekaa juu ya uwanja hata vikapu havikuonekana, aliitwa katika ofisi ya mkuu wa chuo, Bi. Wakiuru.

"Kaa, Mwalimu," Bi. Wakiuru alisema. Alikuwa amevaa koti zito na kuishika glasi ya chai kwa mikono miwili. "Sitazunguka. Wanafunzi wamepungua. Michezo inalipiwa na ada ya wanafunzi, na pesa za serikali ni za kungoja tu. Kikapu kina makocha watatu. Kuanzia mwezi ujao kitakuwa na wawili, wewe na msaidizi mmoja."

"Msaidizi yupi?"

"Hilo ni lako. Wewe ndiye unayewaona kazini. Niletee jina moja Ijumaa."

Mutahi aliinuka. Alikuwa ameshika kitasa cha mlango mama huyo alipomwita tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, nikwambie kama dada yako. Watu wanaongea. Ati idara ya michezo imekuwa shamba la ukoo."

Mutahi alifungua mlango akatoka. Wasaidizi wake walikuwa wawili. Wa kwanza aliitwa Griffins, kijana mpole wa kutoka Busia, aliyepanga chumba King'ong'o pamoja na mkewe na mtoto mchanga. Yeye aliwafundisha wavulana, nao walikuwa wamemaliza ligi karibu na mkia. Wa pili alikuwa Nduta, kocha wa wasichana. Alipoichukua timu hiyo, vyuo vingine vilikuwa vinaicheka. Sasa ilikuwa imefuzu kwenda Kisumu kwa fainali za kitaifa, jambo ambalo chuo hicho hakijawahi kuliona. Nduta alikuwa binti yake Mutahi.

Hakumpatia kazi kwa mlango wa nyuma. Siku ya mahojiano, Mutahi alitoka katika chumba akaketi peke yake chini ya mti wa mkaratusi mpaka yalipokwisha, na kabla ya kutoka aliwaambia wenzake wamuulize maswali magumu. Waliyauliza, akayajibu. Lakini mambo kama hayo watu huyasahau upesi.

Saa ya chai, katika chumba cha walimu, mwalimu wa uhasibu aitwaye Wahome alimsogezea kiti kwa madaha.

"Karibu hapa kwa sukari, Mwalimu. Ama sukari pia iko chini ya idara yenu?"

Walimu walicheka.

"Mimi sisemi kitu," Wahome aliendelea. "Baba kocha, mtoto kocha. Imebaki mama kuletwa kupika."

Mama alikwisha kupika. Kila timu ilipopiga kambi, Murugi mkewe Mutahi alikuja na sufuria zake akawapikia wachezaji githeri ya mahindi na maharagwe bila kudai hata asante. Mutahi angeweza kulisema hilo. Badala yake alicheka pamoja nao.

*

Jioni hiyo Murugi alikuwa jikoni akimenya viazi, Nduta alipoingia na viatu vya tope mkononi.

"Mama mkwe amefika!" Murugi alisema. "Sogezeni kiti."

Utani huo ulikuwa wa kila siku. Nduta, kifungua mimba wao, alipewa jina la mama yake Mutahi. Kwa hiyo Mutahi alimwita *maitu*, yaani mama, Murugi alimwita mama mkwe, na babu yake huko Tetu alimwita mke wangu mbele ya wageni mpaka wageni wakashangaa.

"Nipe chakula, mke wa mtoto wangu," Nduta alijibu. "Na huyo mtoto wangu mbona amekunja uso? Nani amemchapa?"

"Baridi tu, maitu," Mutahi alisema.

Nduta alikula akisimulia mazoezi. Watiri, nahodha wake, alikuwa amejifunza hatimaye kuupiga mpira kwa mkono wa kushoto, na alipofunga mara ya kwanza alikimbia uwanja mzima akilia kama aliyefiwa. Murugi alicheka hata akaweka kisu chini. Mutahi alitazama sahani.

Nduta alipokwenda kuoga, Murugi alikausha mikono yake kwa aproni.

"Haya, Baba Nduta. Sema."

Akamwambia. Murugi alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa ugumu uko wapi? Kati yao wawili, nani amefanya kazi?"

"Si rahisi hivyo."

"Nimeuliza nani amefanya kazi."

"Nduta. Lakini nikiandika jina lake, watu watasema nini?"

"Watasema. Hata usipoandika watasema. Wewe unafikiri mdomo wa Wahome utafungwa na karatasi?"

"Nyumba yetu haijawahi kusemwa."

"Nyumba yetu," Murugi alisema polepole, "inakula kwa mkono wa huyo msichana. Mshahara wako unakatwa na sacco kabla haujafika, kwa sababu ya mkopo wa mabati haya juu ya kichwa chako. Karo ya Mwai, mdogo wake, kule Eldoret, ni nani analipa? Na hata kama halipi kitu, Baba Nduta, hata kama angekuwa anakula bure hapa, kazi ni yake."

"Nitaona."

"Utaona nini? Umeshaona. Unaogopa tu."

Mutahi alikwenda kulala mapema, akajifunika kichwa.

*

Ijumaa aliandika jina la Griffins. Aliliandika kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, akakunja karatasi mara mbili, akaipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Bi. Wakiuru aliifungua, akaisoma, akamtazama juu ya miwani.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Haya. Wewe ni mtu wa ajabu, Mwalimu."

Habari ilifika chumba cha walimu kabla yake. Wahome alisimama, akampa mkono, akaushikilia kwa muda. "Wazee kama nyinyi hawazaliwi tena," alisema, na wengine waliitikia kwa vichwa. Mutahi alitembea kutoka hapo mpaka langoni akiwa amenyoosha mgongo. Ni vigumu kulikiri, lakini adhuhuri hiyo alikuwa na furaha. Alijiona amesimama pamoja na babu yake mbele ya lile ghala, na hakuna gunia lililopungua.

Nduta alipewa barua akiwa uwanjani. Aliisoma, akaitia katika mfuko wa suruali ya mazoezi, akapuliza filimbi, akamaliza zoezi la kurusha mipira ya adhabu kama lilivyopangwa. Wasichana hawakujua kitu mpaka kesho yake.

Nyumbani alimkuta baba yake kibarazani.

"Ni wewe uliyeandika jina?"

"Ni mimi."

"Nimekosea nini kazini?"

"Hujakosea kitu."

"Kwa hiyo?"

"Ili mtu asiseme."

"Mtu gani?"

Mutahi alifungua kinywa. Alitaka kutaja jina, akaona jina alilo nalo ni la Wahome wa uhasibu, akaona haya kulitamka.

"Sawa, Mwalimu," Nduta alisema.

Tangu siku hiyo hakumwita baba tena. Alimsalimu kila asubuhi kwa adabu zote, akamwita Mwalimu kama walivyomwita watu wa kazini. Utani wa mama mkwe ulikufa jikoni. Baada ya siku chache alifunga begi akaenda Tetu kwa babu yake, na Murugi alimsindikiza mpaka barabarani bila kumsemesha mumewe alipopita.

*

Griffins alikuja Jumapili baada ya ibada, amevaa suti iliyomzidi mabega. Hakutaka chai. Murugi alimwekea hata hivyo.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru," alisema, "lakini shukrani inakataa kutoka."

"Kwa nini, kijana wangu?"

"Mimi najua nilikuwa wa kuondoka. Nilishamwambia bibi yangu tuanze kufunga vyombo. Niliposikia nimebaki, nilifurahi usiku mmoja. Kesho yake wavulana wakaanza kuniita *Kocha Huruma*. Hata walinzi wa lango wananiita hivyo."

"Hao ni watoto. Usiwasikilize."

"Sio hao. Ni mimi mwenyewe. Kama ungenichagua kwa kazi, ningeamka saa kumi na moja nikaja kukutumikia. Sasa nikishika mpira naona nimeshika kitu cha Nduta." Aliizungusha glasi ya chai bila kuinywa. "Na siwezi kuacha. Niko na mtoto. Hilo ndilo linaniuma, Mwalimu, kwamba siwezi hata kukataa."

Mutahi alimwambia ajikaze, afanye kazi, Mungu atamwongoza. Griffins aliinama, akaaga, akaondoka. Murugi aliichukua ile glasi iliyojaa akaimwaga nje kwenye sukumawiki.

Katikati ya juma Mutahi alikwenda mjini kuchukua jezi za safari katika duka la akina Vallabhdas. Rasila, mwenye duka, alimwekea maboksi mawili juu ya kaunta, akachungulia nyuma yake kuelekea mlangoni.

"Nduta hajaja? Za wasichana huwa anapima yeye. Ile mara nyingine alinirudishia tatu, akasema hizi zitawabana wasichana wangu kwapani."

"Safari hii nimekuja mimi."

"Haya, pima basi."

Mutahi alizichukua bila kupima.

*

Zikiwa zimebaki siku chache waondoke, Bi. Wakiuru alimwita tena. Mbele yake ilikuwa nakala ya kanuni za mashindano.

"Kuna jambo tumelisahau. Timu ya wasichana haipandi gari bila afisa wa kike. Awe kocha au meneja, lakini awe mwanamke, na awe anajua mchezo, kwa sababu ataketi benchi. Tunaye nani?"

"Tulikuwa na Nduta."

"Ndiyo." Mama huyo alivua miwani. "Ongea naye. Aje na timu siku hizo nne. Chakula na kitanda tutampa."

"Na malipo?"

"Mwalimu, nitamlipa kutoka wapi? Nimempunguza kwa sababu hakuna pesa, kisha nimlipe? Wakaguzi wataniuliza. Aje kwa kujitolea." Alitabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka. "Si ni mtoto wako? Atakuelewa."

Wiki chache kabla, katika chumba hicho hicho, undugu huo ulikuwa aibu. Sasa ulikuwa njia ya kupata mfanyakazi wa bure. Mutahi alitaka kusema hivyo. Alisema, "Nitamuuliza."

Alifika Tetu saa nne asubuhi. Mzee Gatimu aliketi juani mbele ya nyumba, blanketi magotini, fimbo kati ya miguu. Alikuwa na miaka themanini na tisa, na masikio yake yalisikia alichotaka kusikia.

"Umemfuata mke wangu?" aliuliza. "Yuko kwenye majani. Amechuma kuliko vibarua wangu wote, na hanidai."

Nduta alipanda kutoka shambani, kikapu cha majani chai mgongoni, aproni ya nailoni imelowa umande. Alikitua kikapu, akamsalimu baba yake kwa mikono miwili.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu."

Mutahi aliieleza haja yake akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aketi. Aliieleza vizuri, kwa mpangilio, kama ripoti: kanuni, benchi, siku nne, chakula na kitanda. Alipofika kwenye neno kujitolea alikohoa.

Nduta alingoja amalize.

"Nikiwa kazini nilikuwa mtoto wako, ndiyo nikafutwa," alisema. "Nikiwa nyumbani nikawa mtu baki, sikuambiwa hata neno kabla ya barua. Leo gari limekosa mwanamke, nimekuwa mtoto tena. Niambie, Mwalimu, Jumatatu wakirudi nitakuwa nani?"

"Ni kwa ajili ya wasichana."

"Usinitajie wasichana!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mimi ndiye nilikuwa nawasugua magoti wakianguka kwenye ile saruji yenu. Nawapenda. Ndiyo maana sitaki wajifunze kwangu kwamba mwanamke akifukuzwa, akiitwa arudi bure, anakimbia." Alijipangusa paji kwa mkono. "Niandikieni barua ya kazi. Hata ya siku nne. Iwe na muhuri, iwe na malipo, hata yawe kidogo ya kuchekesha. Nitapanda gari."

Mzee Gatimu alikuwa ameinua kichwa.

"Amefukuzwa?" aliuliza. "Mliniambia yuko likizo."

"Amepunguzwa, baba," Mutahi alisema. "Ilibidi nichague mmoja. Nikaona nisimpendelee wa kwangu. Ulitulea hivyo."

"Nilikulea vipi?"

"Ulikuwa ukinichapa mimi kwanza, mbele ya darasa zima, ili wengine wasiseme mtoto wa mwalimu anaachwa."

"Nilikuchapa kwa kuwa ulikuwa umefanya makosa!" Mzee alipiga fimbo chini. "Ulikuwa mtoro, ulikuwa mwongo, daftari lako lilikuwa chafu. Huyu amefanya kosa gani? Nijibu. Mtu mzima kama wewe, unanisingizia mimi ujinga wako?"

Mutahi alikuwa na miaka hamsini na saba, na alisimama mbele ya baba yake mikono nyuma kama mwanafunzi, binti yake akimtazama. Kisha Nduta akakiinua kikapu akarudi kwenye majani. Magari ya kampuni ya chai hayamngoji mtu.

*

Bi. Wakiuru alikataa kuiandika barua hiyo. Alikataa kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mwema, na akaeleza mara mbili kuhusu wakaguzi. Mutahi alimwambia, "Niliandika jina ambalo halikustahili. Nilijua hilo nilipokuwa nikiandika." Mama huyo aliisogeza kando ile nakala ya kanuni. "Barua zimekwisha kutoka, Mwalimu," alisema. "Ungeniambia hilo Ijumaa ile." Mutahi aliomba basi posho yake mwenyewe ya safari ikatwe, alipwe Nduta. Akaambiwa posho ya mtu haihamishwi.

Katika chumba cha walimu Wahome alitikisa kichwa. "Ati amekataa kusaidia chuo cha baba yake? Watoto wa siku hizi!" Na wale wale walioitikia kwa vichwa siku ile waliitikia tena.

Gari liliondoka alfajiri likiwa na wavulana peke yao, ambao walikuwa wameingizwa kujaza nafasi ya chuo kilichojitoa, pamoja na Griffins aliyekaa kiti cha mbele akitazama magoti yake. Mutahi alibaki. Aliwaita wasichana uwanjani, akawapanga mstari mmoja, akawaambia hawatakwenda. Aliwaeleza kanuni. Jezi mpya zilikuwa bado kwenye boksi miguuni pake.

Watiri ndiye aliyeuliza. "Mwalimu, sisi tumekosea wapi?"

"Hamjakosea."

"Na Kocha Nduta alikosea?"

"Hapana."

"Sasa mbona ni sisi tumekatwa?"

Alisimama pale baridi ikimpanda kwenye viatu. Hatimaye alisema kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba alilifanya akitaka kusifiwa. Wasichana walitazamana. Hawakuwa wamezoea kumwona mzee akisema hivyo, na neno hilo halikuwasaidia kitu. Watiri aliuokota mpira, akaupigapiga chini kwa mkono wa kushoto, kisha akauacha ubingirike mpaka kwenye majani.

Mwezi uliofuata Nduta alipata kazi Timau, katika shamba moja la maua, kusimamia wafungaji wa mashada. Mshahara ulikuwa mdogo kuliko wa chuo. Mwai alirudishwa nyumbani muhula mmoja. Jioni alipopiga simu, Nduta alizungumza na mama yake, akacheka naye, akauliza habari za babu. Kisha alisema, "Msalimie Mwalimu." Murugi aliipeleka salamu hiyo kama ilivyotumwa, bila kuongeza neno wala kupunguza, na Mutahi aliipokea akiwa ameketi kitandani, viatu vyake vikiwa bado miguuni.

Basi ninyi vijana mnaoyasoma haya, mtakaokaa kesho katika viti vya kuchagua nani abaki na nani aende, nawataka msikie, wala msiseme ni habari ya wazee. Mtakapopewa kalamu, tazameni kazi ya mtu. Msitazame ni nani atawapa mkono baada ya kuandika. Anayempa ndugu yake asichostahili ni mwizi, nanyi mmefundishwa hilo tangu utotoni. Ila anayemnyang'anya ndugu yake haki yake ili aitwe mwadilifu ni mwizi pia, naye ni mbaya zaidi kwa sababu watu humpigia makofi. Na kama mmekwisha kuandika vibaya, msingoje mpaka gari liondoke. Inukeni leo, mwende mkaseme, hata mkichekwa. Sikieni.